Ziara ya Nyayo za Jaramogi, Kisumu hadi Bondo: Inafaa Kulipiwa kwa Sababu Inaanzia Dukani

Mwezi uliopita nililipa shilingi 3,800 kwa ziara ya siku moja inayofuata maisha ya Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, kuanzia katikati ya jiji la Kisumu, kupitia Maseno, hadi Kang'o ka Jaramogi alikozikwa, huko Bondo. Fedha hizo zilijumuisha gari la abiria kumi na wanne, mwongozaji, chakula cha mchana na kijitabu cha kurasa nane; kiingilio cha makumbusho kila mtu alijilipia mlangoni. Kampuni iliyoiandaa sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, na kwa kuwa nia yangu hapa ni kumweleza msomaji mambo anayostahili kuyapata anapolipia ziara ya namna hii, awe amelipia kampuni hiyo au nyingine.

Niseme mapema kwamba nimeridhika, na sababu kubwa ni mahali ziara ilipoanzia. Habari za Jaramogi tumezoea kusimuliwa kuanzia siasa: uchaguzi wa 1957, umakamu wa rais, ugomvi wake na Rais Jomo Kenyatta, kisha FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi. Mtu husikia yote hayo akabaki anajiuliza mwalimu wa shule kutoka Sakwa, huko Bondo, alipata wapi nguvu ya kusimama mbele ya serikali ya kikoloni, na baadaye mbele ya serikali aliyosaidia kuiunda mwenyewe. Mwongozaji wetu, kijana mtulivu aliyekuwa na daftari la mistari mkononi, alitupa jibu kabla ya saa tatu asubuhi, akiwa amesimama kando ya barabara ya Oginga Odinga Street wakati wenye maduka walikuwa wakipandisha milango yao ya mabati.

Alituuliza ni nani kati yetu aliyewahi kununua hisa. Watu wanne waliinua mikono, na wote, kama ilivyotarajiwa, walikuwa wamenunua hisa za Safaricom mwaka 2008. Akatuuliza kama tunamfahamu mtu aliyetuuzia. Hakuna aliyemfahamu. Hapo akafungua daftari lake na kuchora mistari miwili, upande mmoja jina, upande mwingine kiasi, akatueleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 hisa za Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni aliyoianzisha Odinga, ziliuzwa na mtu uliyemfahamu, aliyefika kwenu, akaketi, akaeleza kwa nini Mwafrika naye anaweza kuendesha biashara, na akaandika jina lako wewe ukitazama. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Odinga mwenyewe. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema, na sikumbuki kuwahi kuisikia methali hiyo ikikaa mahali pake vizuri kiasi kile.

Barabara yenyewe ilisaidia somo. Wakati wa ukoloni biashara ya katikati ya mji ilikuwa zaidi mikononi mwa Waasia na Wazungu, huku Mwafrika akiachiwa soko, kibarua na kibanda cha pembeni. Sheria za mikopo nazo zilimbana kiasi kwamba hata aliyekuwa na akili ya biashara hakuwa na mahali pa kuanzia. Odinga, aliyezaliwa mwaka 1911, alikuwa amepitia Maseno, Alliance na Makerere, akafundisha, na akawahi kuongoza shule ya mifugo pale Maseno. Kwa kipimo cha wakati ule alikuwa amefika. Aliacha kazi hiyo ya mshahara akaingia katika biashara kwa akiba iliyochangwa na walimu wenzake na marafiki, na baada ya wakuu wa serikali kusitasita, kampuni ikaandikishwa mwaka 1947.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, aliyetoka Kisumu pamoja na mjukuu wake. Alimkatiza mwongozaji kwa upole akasema kwamba baba yake alikuwa mwanachama.

"Basi mama, baba aliwahi kupata gawio?" mwongozaji akamuuliza.

"Gawio mimi sikuliona, mwanangu. Risiti niliiona. Aliiweka ndani ya Biblia, na mtoto aliyeigusa alichapwa."

Kijana hakuharakisha kuendelea. Alimwomba mama atueleze baba yake alifanya kazi gani (alikuwa karani wa reli), na kwa nini aliitunza karatasi ambayo haikumletea faida. Mama alijibu kwamba baba yake aliwaambia watoto kuwa ile ilikuwa kampuni yake, na kwamba mtu hatupi hati ya mali yake. Kwangu mimi dakika zile kumi zilitosha kulipia nusu ya ada. Kampuni ile ilifungua duka Maseno, ikamiliki kiwanda cha uchapaji cha Ramogi Press, na ikahangaika mara kwa mara kutafuta mtaji. Lakini kilichokuwa kikikusanywa pamoja na shilingi za watu ni imani, na majina yao yaliyoandikwa daftarini yalikuwa tayari ni orodha ya watu walioamua kusimama pamoja.

Kutoka hapo tulikwenda Kaloleni kuiona Ofafa Memorial Hall. Ukumbi huu umepewa jina la Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union, yaani umoja wa Wajaluo, na diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, na ulijengwa kwa michango ya wanachama wa umoja huo. Odinga ndiye aliyekuwa Ker, yaani mkuu wa umoja huo, wakati michango ikikusanywa, na alisafiri kuyafikia matawi yaliyotawanyika popote Mjaluo alipokwenda kutafuta kazi Afrika Mashariki. Hapa mwongozaji alifanya jambo la busara: badala ya kusifu ukuta, alilirudia daftari lake la mistari miwili na kutuonyesha kwamba mbinu ilikuwa ile ile. Mfanyabiashara aliyejifunza kumshawishi karani wa reli atoe shilingi zake kwa ajili ya duka ndiye sasa aliyemshawishi atoe kwa ajili ya ukumbi, na muda si mrefu angemwomba kura. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulipofanyika Machi 1957, Odinga aliwania kiti cha Nyanza ya Kati katika Baraza la Kutunga Sheria akamshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa tayari waziri katika serikali ya kikoloni. Mtu akiyatazama matokeo hayo bila habari ya kampuni na ukumbi, yataonekana kama bahati au kama hasira ya wapiga kura peke yake. Ukianzia dukani, yanaeleweka.

Sasa nafika kwenye malalamiko yangu ya kwanza, nayo ni makubwa. Ziara ilipofika karibu na hospitali ambayo leo inaitwa Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital, ambayo wakazi wengi wa Kisumu bado wanaiita Russia, tulipewa dakika saba tukiwa ndani ya gari, kando ya barabara, injini ikiwa imewashwa. Naelewa kwamba hospitali ni mahali pa wagonjwa na si pa watalii, na nampongeza mwongozaji kwa kutotuingiza. Lakini habari ya mahali pale haiwezi kusimuliwa kwa dakika saba. Hospitali ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, matunda ya uhusiano ambao Odinga aliujenga na nchi za Mashariki. Ilipofunguliwa na Rais Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, miezi mitatu na ushei tangu Tom Mboya, waziri Mjaluo, auawe, umati ulikuwa na uchungu, maneno makali yakarushwa hadharani baina ya Kenyatta na Odinga, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Watu waliuawa, watoto wakiwemo, na hesabu yao inabishaniwa hadi leo. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini hadi mwaka 1971. Katika kundi letu walikuwamo watu ambao familia zao ziliguswa na siku ile. Niliona mama yule akigeuza uso kuelekea dirishani. Jambo kama hilo linahitaji mahali pa kukaa, labda kivulini kando ya ziwa, na nusu saa kamili, ili anayetaka kusema aseme na anayetaka kunyamaza anyamaze.

Maseno tulifika mchana. Bango la ikweta lipo, na vijana wa kundi walipiga picha zao mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, jambo ambalo silikatai. Kilichonivutia zaidi ni jinsi mwongozaji alivyosimulia habari ya majina. Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, akayaacha majina hayo. Na alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, alipambana na wakuu wa kanisa pale pale Maseno. Mwongozaji aliiunganisha habari hiyo na biashara kwa njia ambayo sikuwa nimeifikiria: mtu anayekataa kuazima jina ndiye anayekataa kuazima duka. Chakula kilichelewa kwa saa nzima, na samaki alipofika alikuwa mzuri lakini sehemu yake ilikuwa ndogo kwa watu wazima walioamka alfajiri. Hilo ni jambo la kurekebishika.

Tatizo lililoniudhi zaidi ni lile la safari ya kutoka Maseno hadi Bondo. Kipindi chote cha 1957 hadi 1966, ambacho ndicho kiini cha maisha ya kisiasa ya mzee huyu, kilisimuliwa ndani ya gari linalokwenda, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza. Sisi tuliokaa viti vya nyuma tulisikia nusu. Nilihamia mbele baada ya kuomba, ndipo nikagundua kwamba msimulizi alikuwa na mambo mazuri sana ya kusema. Alieleza jinsi wabunge wanane wa kwanza waliochaguliwa na Waafrika, wakiwemo Mboya, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walivyounda umoja wao na kumfanya Odinga mwenyekiti. Alieleza siku ya Juni 1958 ambapo Odinga alisimama barazani na kutamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Wakati ule jina la Kenyatta lilikuwa mwiko, na hata baadhi ya wabunge wenzake Waafrika walishtuka. Mfanyabiashara wa kawaida, alisema mwongozaji, hukwepa maneno yanayoweza kumfungia duka. Huyu aliyatamka akijua gharama yake.

Kisha kikaja chama cha KANU mwaka 1960, Odinga akiwa makamu wa rais wa chama; kisha Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1963; kisha umakamu wa rais wa nchi Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Hapa kijitabu cha kampuni kimekosea, kwa kuandika kwamba alikuwa makamu wa rais tangu uhuru wa 1963. Mwaka wa kwanza wa uhuru Kenya haikuwa na rais. Ilikuwa na waziri mkuu, na mkuu wa dola alikuwa Malkia wa Uingereza. Kosa hilo si dogo katika kijitabu kinachouzwa kwa wanafunzi.

Kuhusu 1966 ningependa kampuni ifikirie upya kabisa. Ilivyosimuliwa, na ilivyoandikwa kijitabuni kwa maneno machache, ni kwamba Odinga aliachana na Kenyatta kwa sababu alikuwa mkomunisti. Maneno hayo yalikuwa ya wapinzani wake, na mwongozaji aliyetumia asubuhi nzima akituonyesha daftari la hisa hakupaswa kuyaacha yapite. Huyu ni mtu aliyeacha ualimu ili aendeshe kampuni. Hakuchukia biashara, wala hakuchukia mtu kumiliki mali. Alichokipinga ni kwamba ardhi iliyotwaliwa na walowezi ilikuwa ikirudi kwa njia ya kununuliwa, kwa mikopo ambayo maskini angebaki akiilipa au asiweze kuipata kamwe, huku wachache walio karibu na serikali wakijilimbikizia mashamba. Mtu aliyezunguka akikusanya shilingi za makarani na walimu alikuwa na picha yake ya umiliki: wengi wenye kidogo, majina yote daftarini. Mkutano wa chama wa Limuru, Machi 1966, uliufuta wadhifa wake kwa kuweka makamu wanane wa mikoa. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi akaunda KPU pamoja na akina Bildad Kaggia. Katiba ikabadilishwa upesi ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi ule wa marudio KPU ikabaki na viti tisa tu. Ukiyatazama haya kutoka dukani Maseno, unaona mstari mmoja usiokatika kutoka hisa za 1947 hadi hoja ya ardhi ya 1966. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo ziara hii peke yake ingeweza kulifundisha, na ililikaribia sana bila kuligusa.

Kang'o ka Jaramogi pana utulivu unaostahili. Makumbusho yako chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na ndani mna picha, mavazi na vitu vya mzee. Kofia yake ya shanga, ambayo wengi tunaijua kwa picha tu, huonekana tofauti kabisa ukifikiria kwamba mavazi ya asili ndiyo aliyoyachagua kuvaa barazani na kwenye mikutano ya London, mbele ya watu waliodhani suti ndiyo alama pekee ya mtu mwenye akili. Tangu Raila Odinga alipozikwa hapo Oktoba 2025, wageni wameongezeka sana, na atakayekwenda siku ya mapumziko ajiandae kusubiri. Sisi tulipewa saa moja, na kwa msongamano ule ilipaswa kuwa moja na nusu. Mwongozaji alijua namna ya kukaa makaburini: alivua kofia, akazungumza kwa sauti ya chini, na aliwaacha waliotaka kuomba waombe bila kuhesabiwa dakika.

Miaka ya mwisho ilisimuliwa pale pale nje, chini ya mti, na ilisimuliwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Moi, aliyekuwa sasa rais, alimpa Odinga uenyekiti wa bodi ya pamba mwaka 1979; Odinga akafukuzwa KANU mwaka 1982 na kufungiwa nyumbani kwake, kisha mwaka 1991, akikaribia miaka themanini, akawa miongoni mwa waanzilishi wa FORD iliyodai vyama vingi. Kijitabu kinasema alikuwa wa tatu katika uchaguzi wa urais wa Desemba 1992; alikuwa wa nne, nyuma ya Moi, Kenneth Matiba na Mwai Kibaki. Nilimkumbusha mwongozaji faraghani, naye akakubali mara moja na kuandika kwenye daftari lake.

Kuna swali moja la mjukuu wa yule mama ambalo lazima nilitaje, kwa sababu jibu lake lilinionyesha uaminifu wa kijana huyu. Alimuuliza kuhusu fedha ambazo Jaramogi alikiri mwaka 1993 kuzipokea kutoka kwa mfanyabiashara aliyetajwa katika kashfa ya Goldenberg, ile ya mauzo bandia ya dhahabu nje ya nchi. Mwongozaji wa kutafuta bakshishi angeligeuza swali. Huyu alijibu kwamba ni kweli alizipokea na alikiri mwenyewe, kwamba jambo hilo liliwaumiza wengi ndani ya chama chake cha FORD-Kenya na baadhi ya viongozi wakajitoa, na kwamba mtu aliyejenga jina lake kwa daftari lililo wazi alistahili kuulizwa swali hilo kuliko mwanasiasa mwingine yeyote. Hakumtetea wala hakumvunjia heshima. Mzee alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, kabla mambo hayo hayajapoa.

Tulirudi Kisumu saa mbili usiku, saa moja na nusu nyuma ya ratiba. Anayesafiri na wazee au watoto achukue maji, kitu cha kutafuna, na aombe kiti cha mbele mapema. Anayetaka kufaidi zaidi amwambie mwongozaji tangu asubuhi kwamba angependa habari za 1957 hadi 1966 zisimuliwe gari likiwa limesimama. Kwa jinsi nilivyomwona, atakubali.

Niliiandikia kampuni kuhusu makosa mawili ya kijitabu, muda wa hospitali na kipaza sauti. Walinipigia simu baada ya siku mbili, wakashukuru, wakasema kijitabu kipya kitachapishwa kabla ya likizo ya Desemba na kwamba simulizi ya 1969 itahamishiwa kando ya ziwa. Nimekwisha kuwalipia nafasi mbili wapwa zangu walio kidato cha tatu, na nimewaagiza waende na daftari la mistari.